Sukari Inayodondoka Mwembeni

Gari likilala chini ya mwembe wenye wadudu, asubuhi kioo chake huwa kimejaa vitone vinavyonata. Nguo zilizoanikwa hapo hushika vumbi, na majani ya chini hung'aa kwanza, kisha baada ya wiki chache huwa meusi. Wengi hudhani mti unavuja utomvu au umeungua. Kinachodondoka ni kinyesi cha wadudu, na kimejaa sukari.

Wadudu hao ni vidukari, inzi weupe, wadudu wa magamba walionata matawini, na vidung'ata, wale wenye unga mweupe mgongoni. Wote wana mdomo mwembamba wanaoupenyeza hadi kwenye mirija inayosafirisha chakula kutoka majanini. Shinikizo ndani ya mirija hiyo mara nyingi hupita lile la tairi la gari, kwa hiyo chakula humiminika chenyewe kinywani mwa mdudu.

Chakula hicho kina sukari tele, lakini viini vya kujengea protini ni haba. Mdudu hulazimika kunywa kingi ili apate vya kumtosha, na sukari iliyozidi huitupa. Kidukari husaidiwa na bakteria waitwao Buchnera, wanaoishi mwilini mwake na kumtengenezea sehemu ya viini anavyovikosa. Sukari yenyewe pia ni hatari kwake, maana ikiwa kali sana huvuta maji kutoka mwilini. Utumbo wake huikinga hatari hiyo kwa kuunganisha chembe za sukari ziwe minyororo mirefu isiyovuta maji kwa nguvu ile.

Weusi unaofuata ni ukungu. Chakula chake ni hiyo sukari, wala haupenyi ndani ya jani. Madhara yake ni kuliziba jani lisipate mwanga na kuchafua matunda yakakosa bei. Kupiga dawa ya ukungu ilhali sukari bado inashuka ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ukitaka kujua wadudu walipo, fuata msafara wa sisimizi. Wao hukusanya sukari ile, na kwa malipo huwafukuza maadui wa wadudu wanaoitoa. Mwaka 1954, mtafiti M. J. Way alichapisha utafiti wake kuhusu maji moto, sisimizi wakali wanaoshona majani kuwa viota, na uhusiano wao na wadudu wa magamba huko Zanzibar. Hata hivyo, maji moto hao hao huulinda mnazi dhidi ya kunguni anayeangusha nazi changa, ambaye jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka Way. Ndiyo maana naona ni kosa kuchoma viota vyao ovyo. Inatosha kuwafungia njia kwenye mti ulioathirika.

Anza kwa kupogoa matawi yaliyosheheni wadudu na yale yanayogusa ukuta au mti wa jirani. Zungushia shina kitambaa au plastiki, ukaze vizuri, kisha upake grisi juu yake, si kwenye gome. Majani osha kwa maji yenye nguvu, hasa upande wa chini. Wadudu wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye majani machache, kisha nyunyiza jioni. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, kwa hiyo usipofika chini ya jani umepoteza muda. Punguza pia mbolea ya naitrojeni, kwani huchochea machipukizi laini yanayowavutia wadudu.

Njia ya sisimizi ikishafungwa, wapo watakaokusaidia: mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, na nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya vidung'ata na vidukari. Sumu kali huwaua hao kwanza, na wadudu waharibifu hurudi wakakuta hawana adui. Mti wa nyumbani haustahili adhabu hiyo.

Majani ya zamani yatabaki meusi kwa muda, hadi mvua iyasafishe au yapukutike. Kipimo chako kiwe majani mapya: yakiguswa yasinate, kazi imefanikiwa.