Lubumbashi: Nyama ya nguruwe isiyo na mfupa yawapa wachomaji mtihani mpya

Saa kumi na moja za jioni, katika tarafa ya Katuba mjini Lubumbashi, mbabula zinawashwa kando ya barabara. Kwa mama mmoja anayechoma nguruwe mahali hapo tangu miaka mingi, kazi hii ilikuwa na saa yake: mfupa. Nyama ya paja au ya mbavu ilipoanza kuachana na mfupa, alijua imeiva. Aliikata kwa panga na kuiweka kwenye sahani pamoja na chumvi, kitunguu na pili-pili. Lakini siku hizi nguruwe anayemfikia haji tena na mfupa. Anakuja ndani ya katoni, ameganda kama jiwe, bila ngozi wala mfupa.

Jaribio la kwanza lilimletea hasara. Kipande cha kilo 2 na nusu alikiweka chote juu ya makala mekundu, kama alivyozoea kufanya kwa paja. Baada ya nusu saa, nje kulikuwa kumeungua na ndani kungali kwekundu na baridi. Wateja wawili walirudisha sahani zao. Sehemu kubwa ya mtaji wake wa juma ikaishia hapo.

Kwa nini mfupa umepotea

Nguruwe wa wafugaji wadogo hawapatikani kila wakati. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa unaorudi mara kwa mara nchini Congo, inaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, na hauna dawa ya kuutibu. Ugonjwa huo haumshiki binadamu, lakini unamwacha mfugaji mikono mitupu na kumfanya mchomaji atafute nyama mahali pengine. Hapo ndipo anapokutana na katoni za chumba baridi.

Nyama isiyo na mfupa ina faida yake. Mnunuzi halipii uzito wa mfupa, na vipande hukatwa kwa usawa. Lakini ikipikwa inaweza kupungua karibu robo ya uzito wake, na ikikauka kupita kiasi inapungua zaidi. Asiyeijua anapoteza mara mbili: kwenye mizani na kwa mteja.

Kwanza, ijue nyama yako

Kosa la yule mama halikuwa moto peke yake. Hakujua alichokuwa ameshika. Mfupa humwambia mchomaji kama hili ni bega, paja au ubavu. Ukiondolewa, vipande vyote vinaonekana kama ndugu, na kumbe kila kimoja kinataka moto wake.

Kipande cha shingo, ambacho lebo ya Kifaransa hukiita échine, hutambulika kwa mistari ya mafuta inayopita katikati ya nyama. Shingo hufanya kazi nyingi nguruwe akiwa hai, kwa hiyo ina nyuzi ngumu. Inahitaji muda ili nyuzi hizo zilainike, na mafuta yake huilinda isikauke.

Kipande cha mgongo, longe, ni nyama moja laini yenye rangi hafifu, na mara nyingi kina utepe wa mafuta upande mmoja tu. Filet mignon ni kirefu na chembamba, kina uzito wa karibu nusu kilo, na kinaelekea kuwa na ncha upande mmoja. Kila nguruwe ana viwili tu. Kinakaa chini ya uti wa mgongo, mahali pasipofanya kazi nyingi, kwa hiyo ni laini tangu mwanzo na hakina mafuta ya kukilinda. Hivi viwili vikikaa motoni muda mrefu vinakauka kama ubao.

Kipande kilichoungua Katuba kilikuwa cha shingo. Kilihitaji subira, kikapewa moto wa haraka.

Moto wa pande mbili

Kabla ya moto kuna barafu. Nyama iliyoganda ikiwekwa kwenye makala itaungua nje kabla ndani hakujapata joto. Njia nzuri ni kuihamisha ndani ya frigo tangu usiku uliotangulia. Pale umeme unapokatika, inawezekana kuitumbukiza katika maji baridi, ikiwa imefungwa vizuri kwenye plastiki, na kubadilisha maji kila nusu saa. Kuiacha juani au juu ya meza mchana mzima ni kuwapa vijidudu nafasi ya kuongezeka.

Mara ya pili, mama huyo alifanya tofauti. Alikausha nyama kwa kitambaa safi, akatazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha akazikata kwa kuzivuka, vipande vyenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Nyuzi zilizokatwa fupi ni rahisi kutafuna. Alipaka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu kidogo, akaiacha kwa saa moja.

Makala aliyasogeza yote upande mmoja wa mbabula. Upande wenye moto mkali ulikuwa wa kuipa nyama rangi, dakika chache kila upande. Kisha aliihamishia upande usio na makala, akaifunika kwa sufuria iliyogeuzwa, ili joto liingie polepole hadi katikati. Mafuta ya shingo yanapodondoka kwenye makala huwasha miali inayoacha masizi machungu. Mchomaji asimwage maji, kwani majivu yataruka hadi kwenye nyama. Anaisogeza nyama tu kando mpaka miali itulie. Mchuzi wenye sukari au tomati hupakwa mwishoni, maana sukari huungua upesi.

Anayetaka kuchoma kipande cha shingo kizima ajipange kwa zaidi ya saa mbili, kwa moto mdogo wa pembeni. Na makala yana bei yake, kwa hiyo kwa mchomaji wa barabarani vipande ndivyo vinavyolipa.

Nyama ya nguruwe haichezewi

Kuna wapishi wa Ulaya na Marekani wanaopenda nyama ya nguruwe ikiwa na rangi ya waridi katikati. Kwa barabara ya Katuba, shauri hilo halifai. Mahali ambapo nguruwe hutembea ovyo na vyoo ni vichache, nyama inaweza kubeba vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele, vya mnyoo aitwaye tegu. Anayekula nyama hiyo ikiwa bichi hupata tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwenye choo chake, yakiingia kinywani mwake au mwa jirani kwa mikono michafu au maji, yanaweza kufika hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba katika jamii zenye ugonjwa huo, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana nao.

OMS inashauri chakula kifikie nyuzi joto 70 katikati. Kipimo cha joto kinachochomwa ndani ya nyama ndicho shahidi bora. Asiye nacho akate kipande kinene kuliko vyote: katikati pasiwe pekundu, na maji yanayotoka yawe meupe. Kisha nyama ipumzike dakika 5 kabla ya kukatwa, ili maji yake yasimwagike yote kwenye ubao. Na kisu kilichokata nyama mbichi kisirudi kwenye iliyoiva bila kuoshwa.

Mteja ana haki ya kujua

Mfupa ulikuwa pia kitambulisho. Mteja aliona mbavu au ngozi, akajua anakula nini. Vipande visivyo na mfupa, vikishapakwa viungo, vinaweza kudhaniwa kuwa mbuzi au ng'ombe. Katika mji ambamo Waislamu, Waadventista na Wakimbangu hawali nguruwe, kunyamaza ni kosa kubwa kuliko kuunguza. Mchomaji anayeuza pia mbuzi anapaswa kutenga wavu na kisu cha kila nyama, na kutaja jina la mnyama kabla ya kupokea pesa.

Huko Katuba, wateja bado wanauliza swali lilelile: mfupa uko wapi, mama? Sasa hajibu kwa maneno mengi. Anamwambia mteja kwamba ni nguruwe, sehemu ya shingo, kisha anachukua kipande kinene zaidi kwenye wavu, anakikata katikati mbele ya macho yake na kumwachia aangalie mwenyewe. Jioni ile ya pili, hakuna sahani iliyorudishwa.