Kazi Inaanzia kwa Mnunuzi

Keko, jijini Dar es Salaam, kitanda hakitengenezwi kwa kuwa mbao zipo. Kinatengenezwa kwa kuwa kuna mtu ameweka oda na kutanguliza fedha. Mwenye karakana anaweza kuwa na mashine ya kuranda, stoo iliyojaa mbao na mafundi hodari, lakini oda zisipoingia mafundi hao watashinda wakicheza drafti. Mtaji na ujuzi ni lazima viwepo, ila vyote viwili humsubiri mnunuzi.

Mnunuzi huyo mara nyingi ni mwalimu, nesi, karani wa benki au mwenye duka la vipuri, yaani mtu ambaye akishalipa kodi ya nyumba, chakula na ada za watoto, bado anabakiwa na kitu. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aliona kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Tafiti za nchi nyingi zimekuta hali ileile. Kaya inayomaliza karibu kila shilingi kwa unga, mafuta na mkaa haimpi seremala kazi, hata kama watoto wanalala chini. Kitanda wanakihitaji kuliko mtu yeyote. Fedha ndizo hawana, na soko husikia fedha tu. Kwangu hili ndilo jambo chungu kuliko yote katika somo hili.

Tajiri fedha anazo. Lakini hata kipato chake kikilingana na cha walimu mia moja, hanunui vitanda mia moja. Anachobakiwa nacho hukiweka benki, hununulia viwanja au hukipeleka nje. Fedha zilezile zikiwa mikononi mwa kaya mia, zinageuka vitanda, makabati, sare za shule na mabati.

Sasa tuifuate oda moja. Mbao za paini huenda zimetoka shamba la miti la Sao Hill, Mufindi: kuna aliyekata mti, aliyepasua magogo, aliyepakia, na dereva wa lori. Zikifika Keko, mmoja anaranda, mwingine anachonga, kijana anapiga msasa, mwingine anapaka vanishi. Mchana wote wanakula kwa mama lishe wa jirani. Jioni mwenye guta anapeleka kitanda Mbagala. Kila mmoja wao ana malipo mfukoni, naye ni mnunuzi wa mwenzake: mama lishe ananunua maharage, mpiga msasa analipa kodi ya chumba. Mwanauchumi Mwingereza Richard Kahn alikokotoa mzunguko huu mwaka 1931, na John Maynard Keynes akaujengea nadharia yake ya ajira mwaka 1936. Kila duru huwa ndogo kuliko iliyotangulia, kwa sababu sehemu ya fedha huwekwa akiba, hulipwa kodi au hununulia bidhaa za nje.

Bidhaa za nje ndizo tundu kubwa linalovujisha fedha zetu. Sofa iliyokuja kwa kontena kutoka China inampa kazi kuli wa bandarini, wakala wa forodha na muuzaji wa dukani, lakini kuranda na kushona kumefanyika Foshan, hukohuko China. Wengi humlaumu mnunuzi kwamba hana uzalendo. Mimi naona analaumiwa bure. Mwalimu aliyejibana miezi kadhaa ana haki ya kukataa kabati ambalo milango yake itapinda kwa kuwa mbao hazikukauka, au oda iliyoahidiwa Ijumaa ikaja baada ya mwezi. Mbao zilizokaushwa vizuri kwenye tanuri, na tarehe inayotimizwa, zingembakisha Keko bila kumhubiria. Tanuri ni ghali kwa fundi mmoja, lakini karakana kadhaa zikichanga, au zikikopeshwa kwa pamoja, zinalimudu.