IP ya Keja Yako, Ni Yako Solo ama ya Mtaa Mzima?

Wasee wa kuseti kamera kejani wanaijua hii noma. Umefungua poti kwa ruta, kila kitu kiko fiti, unafika tao unacheki keja kwa simu, wapi! Msee wa kwanza unauliza anakushow ununue IP ya statiki. Buda, shikilia hizo ganji kwanza.

Keja mob huwa na IP ya dainamiki. Ruta ikiwaka inaomba IP kwa kampuni ya intaneti, inakopeshwa moja kwa muda, na kabla huo muda uishe inaomba tena. Stima ikipotea unaeza rudi ukipata ingine. Statiki haisongi, na mara mingi unailipia juu ya ile bili ya kila mwezi.

Sasa manze, mchezo wenyewe uko hapa. IP za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, na ile stoo kuu iliisha Februari 2011. So kampuni zinabeba wateja wengi kwa IP moja. Hiyo ndio CGNAT. Ni kama ploti ya geti moja na milango haina namba: nyi mnatoka bila stori, lakini mgeni akibisha hakuna mwenye anajua anataka nani. Inaeza kuwa ndio maana kamera yako haifikiki.

Kucheki ni rahisi. Ingia kwa ruta, mara mingi ni 192.168.1.1, ama soma stika iko chini yake. Tafuta IP ya WAN. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, uko ndani ya hiyo ploti, na kufungua poti ni kujichosha. Ikifanana na ile unaonyeshwa ukicheki IP yako online, IP ni yako, hata kama inabadilika. Hapo DDNS inatosha: unapata jina moja, lenyewe linafuata IP popote inahamia.

Statiki iachie msee anahosti seva, ama mwenye job yake ya online inaruhusu IP moja pekee kuingia. TikTok, muvi na gemu hazijali. Hata kamera za kuskani QR hujitafutia njia ya kutoka, na app ya Tailscale, ya bure, inakufikisha kejani ukiwa ndani ya CGNAT.

Na ukichukua statiki, badilisha ile paswadi ya "admin" kabla fundi atoke mlangoni. Kuna maboti zinaskani IPv4 zote kila siku, na yako sasa haihami.