Namba iliyojificha ndani ya mfuko wa unga



Kuna swali linalosumbua nyumba nyingi kambini: posho tumepokea, mbona unga unaisha kabla ya mgao mwingine? Wazazi hujibu, "Ndivyo ilivyo tu." Lakini mtoto wa darasa la saba anaweza kutuonyesha sababu kwa kalamu na karatasi.

Tuseme nyumba ya watu wanne imepimiwa kilo 46 za unga. Mgao unaofuata ni baada ya siku 28. Mama ana deni la jirani, kilo 4. Apike kilo ngapi kwa siku? Namba hiyo tusiyoijua tuiite x, tuandike:

28x + 4 = 46

Yaani siku 28 mara x, ongeza deni, ni sawa na unga wote. Alama ya = ni kama mizani ya siku ya mgao. Ukitoa kitu upande mmoja, toa kiasi kilekile upande wa pili, la sivyo mizani italala. Basi toa 4 pande zote mbili:

28x = 42

Sasa gawa kwa 28 pande zote mbili:

x = 1.5

Ni kilo moja na nusu kwa siku. Hakikisha: 28 mara 1.5 ni 42, ongeza 4 ni 46. Sawa kabisa!

Na kama mama amezoea kupika kilo 2? Hapo tusichojua ni siku:

2x + 4 = 46
2x = 42
x = 21

Unga unaisha siku ya 21. Ndiyo ile wiki moja ya njaa, si ndiyo? Haikuletwa na mchawi. Wala mama hana kosa, watoto wanataka kushiba. Ila afadhali kujua mapema, mkapanda mchicha au mkapunguza kidogo kidogo, kuliko kushtuka mfuko ukiwa mtupu.

Hesabu hii ni aljebra. Jina limetoka kwenye neno la Kiarabu al-jabr, katika kitabu alichoandika al-Khwarizmi huko Baghdad miaka ya 820 hivi. Naye alilenga mambo ya watu: urithi, biashara, kupima mashamba.

Zoezi la nyumbani: Umenunua vipande 3 vya sabuni na chumvi ya shilingi 200. Jumla umelipa shilingi 1,100. Kipande kimoja cha sabuni ni shilingi ngapi? Wazazi, kaeni na watoto mjaribu pamoja kabla ya kusoma jibu.

(Jibu: 3x + 200 = 1,100; x = 300.)