Wizi dhidi ya watalii Unguja: mahali, saa na macho ya wenyeji

Uhalifu unaowapata zaidi watalii kisiwani Unguja ni wizi wa kuvizia: simu kukwapuliwa mkononi, mkoba kuchomolewa begani, fedha kutoweka chumbani. Kabla ya kunyoosha mkono, kibaka hupima mambo mawili: njia ya kukimbilia na macho yanayomtazama.

Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, una yote mawili. Vichochoro vya Kiponda, Hurumzi na Mkunazini ni vyembamba na hupinda ovyo; mtu akikata kona mbili hapatikani tena. Lakini mbele ya nyumba kuna baraza za mawe, ambako wazee hunywa kahawa na kucheza bao huku wakimjua kila mwana wa mtaa na kila mpita njia. Ulinzi huo hulegea wakati wa sala, saa ya futari mwezi wa Ramadhani, na usiku maduka yakishafungwa. Mgeni aliyekula urojo na mishikaki kwenye bustani ya Forodhani akiwa katikati ya umati huweza kurudi hotelini kwa kichochoro kisicho na mtu. Na nyumba ya kuishi inapogeuzwa hoteli, wakazi huhama na baraza yake hubaki tupu.

Ufukweni, saa hupangwa na bahari. Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa hurudi mbali sana na kuacha uwanda wa mchanga. Watalii huenda kutazama mashamba ya mwani, na mikoba yao hubaki juu ya mkeka pwani. Magharibi ikiingia, sehemu zilizo baina ya hoteli na hoteli huwa giza, kwa kuwa askari wa hoteli hulinda mbele ya lango lao tu.

Papasi, vijana wanaowaandama wageni bandarini na mitaani, huhesabiwa vibaya kuwa wezi. Jina lao ni la kupe anayeganda mwilini, na wengi wao huishi kwa kamisheni ya hoteli, maduka na safari za boti. Hasara huja kwa wachache wanaochukua malipo ya safari isiyokuwapo au kubadilisha fedha kwa ujanja wa kuhesabu. Mwongoza watalii halali hubeba kitambulisho cha leseni, na fedha hubadilishwa benki au kwenye duka lenye kibali.

Mashambulizi makubwa ni nadra, ila huacha kovu. Agosti 2013, siku za mwisho za Ramadhani, wasichana wawili Waingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Habari hiyo ilienea duniani na kuutia doa utalii wa kisiwa kizima.

Aliyeibiwa huripoti kituo cha polisi na kupewa namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi), ambayo huhitajika katika madai ya bima na maombi ya hati mpya ya kusafiria. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kukata bima ya safari kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Kwenye shehia, yaani eneo dogo la utawala, kiongozi wake, sheha, ndiye anayejua nyumba, wapangaji na vijana wa eneo lake, hivyo mara nyingi upelelezi hupitia kwake.

Mahakamani ndiko kesi hizi hukwama. Mlalamikaji ndiye shahidi mkuu, na likizo yake ni ya siku chache. Kesi inapotajwa tena, yeye keshapanda ndege. Ushahidi unaobaki ni wa mwenyeji aliyeona, na hupatikana pale tu ambapo baraza bado ina watu.