Spea ya kuchonga: usikubali kipimo cha futi

Leo naongea na mnaouza spea mtandaoni, hasa zile ambazo dukani hazipo, inabidi zichongwe.

Mteja mmoja wa Kirando aliniandikia WhatsApp. Ana Land Rover ya zamani, katoa injini yake kaweka ya dizeli ya trekta la kizamani. Sasa ncha ya shafti ya giaboksi inapwaya kwenye tundu la krenki, anataka bushi ya kujazia. Kitu kama hicho hukikuti kwenye boksi lolote, maana hakuna kiwanda kilichowahi kuwaza kwamba hizo injini na giaboksi zitakutana. Nikamuuliza upana wa tundu. Akaweka futi: "sentimita mbili na nusu." Nikampa fundi wangu wa Mwanga, akachonga shaba safi, milimita 25 kamili. Nikapeleka Kibirizi, ikapanda boti.

Bushi ilipofika, inacheza! Gari lile ni la Mwingereza na trekta vilevile, vya zamani vilipimwa kwa inchi. Tundu lilikuwa inchi moja, yaani milimita 25.4. Hiyo nukta nne kwenye futi ya fundi nguo huioni, ila kwenye injini ni kelele na uharibifu. Na chuma ukishakinyoa hukirudishii nyama. Elfu 45 yangu ikaenda, nauli ya boti juu yake, na mteja akaanza kulalamika kwenye grupu.

Nilichojilaumu zaidi ni kwamba naishi mji wa MV Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000. Ikaja Dar kwa meli, kisha kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Fikiria kipande kimoja kingekosewa kipimo, unarudisha wapi? Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini mafundi waliipaka injini grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini za mvuke zilikuja kutolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Yaani na yenyewe imebadilishwa moyo kama Land Rover ya mteja wangu, na kazi kama hiyo haiendi kwa kukadiria.

Siku hizi picha ya futi siipokei. Naomba kipande cha zamani kitumwe hata kama kimepasuka, au picha ya venia ikiwa imekamata chuma, namba zinasomeka. Nauliza pia gari lilitengenezwa wapi, na kama limebadilishwa injini. Nikishapata, namwandikia mteja vipimo vyote kwenye meseji moja, ajibu "sawa" na atume nusu ya hela kabla fundi hajawasha mashine. Wengine wanakasirika wanahama. Waache wahame, bushi ya kipimo cha mtu mmoja humuuzii mwingine.

Yule wa Kirando nilimchongea ya pili bure. Gari linatembea, na ameshaniletea wateja wawili, ila kwenye simu yake kanisevu "Bwana Sentimita".