Pumzi ilikata Uluguru, dogo akashuka kuwahi namba

MOROGORO. Dakika ya 40 tu, mguu wa kulia ukagoma. Nikakaa juu ya jiwe, jasho linatiririka, mdomo wazi kama kipa aliyefungwa tobo. Mbele yangu dogo anayeniongoza alikuwa amesimama, mikono kiunoni, hata hahemi. Mgongoni amebeba begi langu. Shingoni ameninginiza viatu vyake vya mpira, kamba zimefungwa pamoja.

"Kaka, hapa bado hatujaanza kupanda," akaniambia.

Nikakumbuka mara ngapi nimeandika kwenye kurasa hizi kwamba beki fulani "alikata pumzi dakika ya 70". Nikajiambia, leo na mimi nimeandikwa.

Jumapili nilikuwa na mechi ya kuripoti Uwanja wa Jamhuri. Nikaona badala ya kulala gesti Jumamosi nzima nikihesabu feni inavyozunguka, nipande mlima. Watu wa Moro wanaita mji wao 'mji kasoro bahari', kwa maana kila kitu kipo isipokuwa bahari. Mimi ninayekaa Dar bahari ninayo. Nilichokikosa ni mlima.

WENZETU NA THELUJI

Ulaya jambo hili ni la kawaida. Shabiki wa Bayern anayekaa Munich anapanda treni asubuhi, kama saa moja na nusu yuko Garmisch-Partenkirchen, milima ya Alps, anafunga mbao miguuni na kuteleza kwenye theluji. Jioni amerudi nyumbani. Oslo ndiyo usiseme, treni ya mjini inakupeleka mpaka Holmenkollen.

Lakini mlima hauna jina kubwa. Muulizeni Manuel Neuer. Desemba 2022, baada ya Ujerumani kutolewa hatua ya makundi Kombe la Dunia Qatar, alikwenda kupumzika na mbao zake kwenye theluji. Akavunjika mguu, msimu ukaishia hapo. Januari Bayern wakalazimika kumnunua Yann Sommer, na ndiye aliyekuwa langoni Aprili 2023 Manchester City walipowatandika 3-0 robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Safari moja ya mlimani, klabu nzima ikayumba.

Na sisi Afrika Mashariki tumo kwenye historia hiyo. Mkenya Philip Boit aliiona theluji kwa mara ya kwanza 1996 alipopelekwa Finland kufanya mazoezi. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japan, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, akikimbia kilomita 10 juu ya theluji. Alimaliza wa mwisho. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Uluguru hakuna theluji. Kuna ukungu, baridi ya kutosha kuvaa koti, na utelezi ambao hauhitaji mbao. Ila hesabu ya safari inafanana. Tangu Juni 14, 2024 treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria, Dar mpaka Moro ni chini ya saa mbili. Daraja la kawaida lilianza na nauli ya Sh13,000. Zamani kwa basi, ukikutana na foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze, ilikuwa nusu siku imeondoka.

Kwa hiyo mtu wa Dar anaweza kuondoka asubuhi akala mchana mlimani. Ukifika, unachukua bodaboda mpaka mjini, unapita ofisi ya hifadhi kulipia kibali, unatafuta mwenyeji wa kukuongoza. Usiende peke yako, njia za mashambani ni nyingi na zinafanana. Na usiende masika, kuanzia Machi mpaka Mei, labda kama unataka kushuka kwa kukaa.

MAMA NA KAROTI

Tulianza saa 12:30 asubuhi. Njia inafuata Mto Morogoro, unaiacha bustani ya Rock Garden, halafu mlima unaanza kukudai. Morningside, nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za Wajerumani, iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kama mita 500. Tofauti hiyo unailipa kwa mapaja.

Pale kwenye jiwe nilipokaa, akashuka mama mmoja mtu mzima, kichwani tenga la karoti limejaa, miguuni kandambili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmechoka mapema hivyo?"

Dogo akacheka. Nikamuuliza mama anakwenda wapi. Soko la Chifu Kingalu, akasema, akishauza anarudi juu kabla jua halijazama. Hiyo ni kupanda na kushuka siku moja, na mzigo. Akaondoka kwa hatua fupifupi za haraka, tenga halitikisiki. Nimeona viungo wa Ligi Kuu wenye mizani mibovu kuliko ile.

Huku mashamba yamening'inia kwenye mteremko: kabichi, karoti, maharage, stroberi. Juu yake ndiyo msitu wa hifadhi, na juu kabisa vilele. Lupanga ina mita 2,138, Bondwa inaonekana kwa minara yake ya mawasiliano, na Kimhandu, kilele kikuu, inapita mita 2,600. Vijito vya milima hii ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, na Dar inategemea maji ya Ruvu. Mchezaji akimaliza mechi Kwa Mkapa akafungua bomba aoge, Uluguru imemfikia.

Saa nne tukafika Morningside. Mji wote uko chini, mabati yanang'aa, reli imelala kama kamba iliyonyooshwa. Upepo ukanipiga, jasho likageuka baridi. Nilikuwa nimechoka ile mbaya na nina furaha ya ajabu.

GOLI LA JUU, GOLI LA CHINI

Dogo akasema nisiondoke bila kuona uwanja wao. Tukatembea tena, tukafika kijijini kwao. Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi walichokichimba ubavuni mwa mlima. Wamejitahidi kukisawazisha, lakini goli moja bado liko juu na lingine liko chini. Kipindi cha kwanza mnapanda, cha pili mnashuka, kwa hiyo anayeshinda shilingi kabla ya mechi anachagua kupanda kwanza, akiwa bado na nguvu.

Upande wa bondeni wamepanga mianzi izuie mpira. Ukipita juu ya mianzi, aliyepiga ndiye anayeufuata, na mechi inasimama. "Ndiyo maana huku hatupigi mashuti ya hovyo," dogo akaniambia bila kutania. Akanipigia danadana pale kwenye mteremko, mguu wa kushoto tu, zaidi ya 50, mpira haukuangukia bondeni hata mara moja.

Ana miaka 17. Anacheza winga ya kushoto. Mara mbili kwa wiki anashuka mjini kufanya mazoezi na timu moja ya mtaani, saa moja na nusu kushuka akikimbia, saa mbili na ushee kupanda usiku na tochi ya simu. Mwaka jana timu moja ilitangaza majaribio. Usiku mvua ikanyesha, njia ikawa sabuni. Majaribio yalianza saa mbili, yeye akafika saa nne. Aliambiwa orodha imefungwa.

"Hawakuniona hata nikigusa mpira," akasema.

Na ndipo akaniambia kile alichokuwa amenyamaza nacho tangu asubuhi. Saa kumi jioni hiyohiyo kocha wake alikuwa anapanga mechi ya mazoezi ya kuchagua kikosi cha ligi ya wilaya. Amekubali kuniongoza kwa sababu hela ya siku ile ilikuwa ya kumalizia deni la viatu. Alipiga hesabu kwamba tutakuwa chini saa nane. Hakumjua mteja wake.

MORO HII HII

Nilitazama saa, saa saba kasoro. Nikatazama mji kule chini, nikautafuta Uwanja wa Jamhuri.

Mkoa huu si wa kubabaisha kwenye mpira. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilibeba ubingwa wa Tanzania wakati kombe lilikuwa halijawahi kutoka Dar. Mtibwa Sugar, kutoka kwenye miwa ya Turiani, ikalichukua 1999 na 2000 mfululizo, halafu 2018 ikatwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3-2. Reli, Polisi, Moro United, wote wamepita Ligi Kuu. Simba na Yanga kwa nyakati tofauti wamekuja kuweka kambi Moro, kutafuta utulivu na pumzi.

Hapo ndipo ninapouliza. Kama klabu kubwa zinakuja chini ya mlima kutafuta pumzi, mbona hazipandi kuwatafuta waliozaliwa nayo? Maskauti wetu wanajaa kwenye mechi za mjini, mahali pa lami na soda baridi. Mtoto wa mlimani mpaka ajishushe mwenyewe, na mvua ikinyesha, basi tena.

KUSHUKA NDIO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunamaliza magoti. Baada ya nusu saa goti la kushoto likaanza kuniuma kila nikikanyaga. Dogo alikuwa anatangulia hatua kumi, anasimama, ananisubiri. Hakusema kitu. Alikuwa anaangalia jua.

Saa nane na robo tukakutana na yule mama wa karoti anarudi, tenga tupu, ndani yake sukari na sabuni. Akatuangalia wote wawili, akamuuliza dogo, "Wewe si una mpira leo?"

Nilisikia aibu. Nikatoa hela yake yote, nikachukua begi langu.

"Nenda. Njia naiona, ni mto huu huu."

"Kaka, ukianguka?"

"Nikianguka nitaandika. Nenda."

Akasita, akamtazama mama, akaondoka. Sijawahi kuona mtu anakimbia namna ile kwenye mteremko, mguu unagusa jiwe na kuondoka, mikono imepanuka kama mbawa. Wale wa Garmisch wana mbao na theluji. Huyu alikuwa na raba zilizokwisha soli. Kona moja, ya pili, hayupo.

Mama akawa mtu mwema, akanikatia mti wa kuegemea kabla ya kuendelea na njia yake. Nikashuka kama babu.

DAKIKA 25

Nilifika kiwanjani saa kumi na nusu kwa bodaboda, nachechemea. Mechi ilikuwa imeanza. Dogo alikuwa nje ya mstari, viatu miguuni, jasho limekauka na kuacha chumvi usoni. Alikuwa amefika saa tisa na nusu, lakini kikosi cha kwanza kilishapangwa.

Akaingizwa zikiwa zimebaki dakika 25. Kugusa kwake kwa kwanza alipoteza mpira, watu wakaguna. Mara ya pili akapiga krosi ikapita kila mtu. Halafu wenzake wakaanza kushika viuno. Jua la Moro na vumbi vilikuwa vimewamaliza. Yeye hakushika kiuno. Beki wa kulia aliyekuwa anamkaba akaanza kubaki, kwanza hatua moja, baadaye tatu. Dogo hakufunga. Alitoa pasi moja ya goli na kusababisha penalti, ambayo mwenzake aliipaisha.

Mwisho kocha alimuita pembeni. Hakumpa jezi wala hakumpa ahadi. Alimwambia, "Jumanne uje tena, nikuone dakika 90."

Dogo akaja kunishukuru, nami nikamwambia mimi ndiye wa kushukuru. Nikamuuliza, Jumanne vipi?

Akatazama mlima, jua likiwa linazama. "Jumanne ni zamu yangu kubeba karoti," akasema. "Nitaongea na bi mkubwa."

Tukaagana. Giza lilikuwa linaingia na alikuwa na saa mbili na ushee za kupanda. Mimi nilikuwa na ngazi nane za gesti, na sikuwa na hakika nitazimaliza.